Boliti Iliyokatika Lori Likiwa Limesimama

Mheshimiwa Diwani wa kata yetu. Ndugu Mtendaji wa Kata. Baba Paroko na Shehe wetu, ambao leo mmekaa benchi moja kwa kuwa viti vimetuishia. Mwalimu Leonsia wa chuo cha ufundi, mgeni wetu wa heshima. Wazee wangu wote, shikamooni. Mafundi wenzangu wa Lusahunga. Akina mama wa sokoni. Ndugu zetu wakulima mliotoka Nyabusozi na Nyarubungo mkaacha mihogo shambani. Na ninyi madereva wa njia ya Rusumo mliozima injini kwa heshima ya shughuli hii, pamoja na yule mmoja pale nyuma ambaye bado hajazima. Tunakusubiri, ndugu yangu. Haya, ahsante.

Kwa wasionifahamu, mimi ni Fundi Emilian, mwenyekiti wa kikundi cha mafundi wa magari makubwa hapa njia panda. Nimepewa dakika kumi. Mshereheshaji amenionyesha saa yake mara mbili kabla sijashika kipaza sauti, na mimi nimemwonyesha yangu, ambayo imesimama tangu juzi.

Tumekusanyika kuzindua tanuri. Mheshimiwa Diwani, najua umewahi kuzindua kisima, darasa na choo cha soko, na najua ulipopata barua yetu ulimuuliza Mtendaji, "Hawa mafundi wa malori wanataka kuoka nini?" Swali lako ni la haki. Nitalijibu, lakini jibu lenyewe lina aibu yangu ndani yake, kwa hiyo naomba mnivumilie nikianzia mbali kidogo.

Sisi wa Lusahunga tuna tabia moja. Tunapenda kung'arisha. Lori likishuka hapa na vumbi lake jekundu, dereva anataka likiondoka boliti za magurudumu zimeremete, watu wa Benako wakiliona wajue limetoka kwa fundi wa kweli. Na sisi tulikuwa na dawa ya kung'arisha. Ni maji ya betri, ile asidi, tunaichanganya na maji kwenye beseni la plastiki, tunatumbukiza boliti zenye kutu, yanatoka mapovu madogo madogo kama soda iliyofunguliwa, na baada ya saa kadhaa unatoa boliti nyeupe kama siku ilipotoka kiwandani.

Dawa hii tuliirithi. Baba zetu waliitumia kusafishia majembe ya wakulima. Ni nani hapa wa Nyabusozi ambaye jembe la nyumbani kwao halijawahi kupita kwenye beseni letu? Na ni jembe gani lililowahi kukatika kwa sababu hiyo? Hakuna. Bawaba za mlango wa banda langu zilisafishwa kwa maji hayohayo mwaka niliooa, na mlango bado upo, na ndoa pia, ingawa mama watoto amenitazama sasa hivi kwa jicho ambalo sitalieleza. Kwa hiyo tukasema, kinachofaa jembe kitafaa boliti ya lori. Hilo ndilo kosa letu, ndugu zangu, na lilikuwa kosa la watu wasafi.

Miaka miwili iliyopita tulikuwa tunafanya kazi wawili katika banda langu, mimi na shemeji yangu Wiston, mume wa dada yangu Priscila. Mgawanyo wetu wa kazi ulikuwa rahisi. Mimi nilisafisha, Wiston alikaza. Mtu huyu ana mkono ambao Mungu aliuumba akiwa hana haraka. Anakaza nati huku ameinamisha kichwa, anasikiliza, anaacha pale pa kuacha. Miaka tisa alikaza magurudumu ya watu na watu wakafika.

Ndipo likaja lori la dereva Ndikuriyo, mtu wa Ngara, yule pale mwenye kofia. Nikazisafisha boliti zake zikang'aa mpaka akajitazama ndevu. Wiston akazikaza. Siku ya pili yake, lori likishuka kuelekea Nyakahura, gurudumu la mbele likaaga. Likatangulia mbele ya gari, likavuka mtaro, likaingia kwenye migomba ya mzee mmoja, likalala. Ndikuriyo alipofika, yule mzee alikuwa amelifunga kamba kwenye mgomba kama mbuzi aliyekamatwa anakula mahindi ya watu, akasema halitoki mpaka mwenyewe ajulikane.

Mnacheka, na mimi leo nacheka. Lakini fikirini lingekuwa basi. Fikirini ingekuwa saa ya watoto kutoka shule. Ndikuriyo alilishikilia lori lile mpaka likasimama, na hakuumia mtu. Nashukuru kwa hilo kila ninapoona barabara ile.

Alirudi hapa na vipande vya boliti mkononi. Madereva wakajaa. Kila mtu akaniangalia mimi, mwenye banda. Na mimi, badala ya kuviangalia vile vipande, nikamwangalia Wiston. Nikasema, kwa sauti ambayo hata mama wa mkaa ng'ambo ya barabara aliisikia, "Huyu ndiye aliyekaza! Mkono wake ni wa kuvunja, anakaza kama anafunga ng'ombe! Toka kwenye banda langu kabla hujaua watu!"

Wiston aliniambia neno moja tu. Aliniambia, "Shemeji, niliacha pale pa kuacha." Akaweka spana chini, akafuta mikono, akaenda zake Nyarubungo kulima mihogo.

Ndugu wageni waalikwa, nataka mjue kilichofuata, maana hapo ndipo nilipokosa mara ya pili, na mara ya pili ilikuwa mbaya kuliko ya kwanza. Wiston alipoondoka, nilianza kukaza mwenyewe. Kwa mkono wangu huu. Na boliti zikaendelea kukatika! Si zote, si kila siku. Moja leo, mbili baada ya wiki, nyingine inakatikia hapahapa kabla gari halijaondoka. Je, nilimwita Wiston nikamwambia yamenikuta na mimi? Sikumwita. Niliviokota vile vipande nikavificha kwenye kopo la maziwa juu ya kenchi ya banda. Noeli mbili zikapita dada yangu hajakanyaga kwangu. Kanisani tulikaa upande mmoja, tukapeana amani kwa ncha za vidole. Nilijua, na nikanyamaza.

Mwezi wa tatu mwaka huu Ndikuriyo akarudi. Fikirini roho ya mtu huyu: amenipa nafasi ya pili ya kumuua! Nikazisafisha boliti zake, nikakaza mwenyewe, lori likalala hapa siku mbili likisubiri mzigo wake wa saruji. Asubuhi ya tatu Mwalimu Leonsia alikuwa ameketi kwa Adventina, mwokaji wetu wa mikate, anakunywa chai na kusubiri basi la kwenda chuoni. Lori limesimama. Injini imezimwa. Ndikuriyo yuko upande wa pili anapiga mswaki. Hakuna aliyeligusa. Mara tukasikia *tak!* na kichwa cha boliti kikaruka, kikapiga sufuria ya Adventina.

Adventina akapiga kelele kwamba amepigwa risasi. Ndikuriyo akatoka na povu mdomoni, akasema, "Fundi, gari limelala kama maiti, safari hii utamsingizia nani?"

Sikuwa na wa kumsingizia. Mwalimu Leonsia alikiokota kile kichwa cha boliti, akakigeuza kwenye mwanga, akaacha basi lake liondoke. Akaniuliza, "Fundi, unavyo vingine kama hiki?" Nikasema sina. Akanitazama. Nikapanda kwenye kenchi nikashusha kopo la maziwa.

Akavipanga juu ya meza ya mikate, akatuita tuangalie. Chuma kinachokatika kwa kuzidiwa nguvu, alisema, kwanza kinarefuka, kinajivuta, na pale kilipokatikia panakuwa pamechanika. Hivi havikujivuta hata kidogo. Pale vilipokatikia palikuwa na punje punje zinazometa, kama sukari iliyogandamana. Akauliza, "Mnazisafisha kwa kitu gani?" Nikamwonyesha beseni kwa fahari kabisa. Naye akalitazama beseni langu kama daktari anavyotazama kidonda kilichopakwa majani.

Wala hakunihubiria. Alifanya jambo ambalo sitalisahau. Alichukua boliti tatu mpya kutoka boksi moja. Ya kwanza hakuigusisha kitu. Ya pili na ya tatu zikaingia kwenye beseni langu tangu alfajiri hadi saa sita mchana. Zilipotoka, ya pili tukaiweka mezani, na ya tatu ikaenda mbio kwa Adventina, kwenye tanuri lake la matofali.

Adventina alikataa. Akasema, "Mwalimu, humu ninaoka vya kuliwa." Mwalimu akamwomba kwa upole, akamuuliza anajuaje kama tanuri limefika. Adventina akarusha unga kidogo ndani, akahesabu hadi unga ulipogeuka rangi ya kahawia, akasema, "Limefika." Mwalimu akaingiza kipimajoto chake. Nyuzi mia mbili kasoro tano! Akasema hicho ndicho kipimo anachokitaka, naye Adventina akafurahi mpaka akaikubali boliti, akachochea kuni hadi saa moja jioni.

Asubuhi yake nilizikaza zote tatu kwenye bamba nene la chuma. Mwalimu alinipa spana ya kipimo, hii hapa, ile ambayo ukifika nguvu uliyoipangia inalia *ka*, nawe unaacha. Mkono mmoja, wangu. Spana moja. Kipimo kimoja. Kisha tukaondoka tukaziacha. Siku ya pili, saa nne asubuhi, nikiwa nakunywa uji, ile iliyotoka kwenye asidi bila kuokwa ikakatika peke yake. Ya kwanza na ya tatu, Mheshimiwa Diwani, ziko kwenye bamba mpaka leo. Bamba hilo hapo mezani, mtazishika mkipita.

Ni nini kinachotokea? Nitasema kama Mwalimu alivyonieleza, na nikikosea atanirekebisha, kama alivyozoea. Asidi ikimaliza kutu, haiachi kula. Inaanza kula chuma chenyewe. Hapo inazaliwa gesi iitwayo haidrojeni, na yale mapovu tuliyoyapenda ndiyo hiyo. Mengi yanapaa, yanakwenda zake. Lakini chembe nyingine, kabla hazijaungana kuwa povu, zinapenya ndani ya chuma, kwa sababu ni ndogo ajabu. Huko ndani zinatembea polepole, na zinapenda kukusanyika pale chuma kinapovutwa sana, kwenye shina la meno ya boliti. Zikishajaa, mshikamano wa punje za chuma unalegea. Unatokea ufa usioonekana kwa macho. Unakua kesho, unakua keshokutwa, na siku ambayo hakuna aliyeitarajia, *tak!*

Mbona jembe halikukatika? Kwa sababu jembe halikai limevutwa usiku na mchana. Mbona bawaba hazikukatika? Kwa sababu ni chuma laini, na chuma laini kinapinda kidogo, kinavumilia. Boliti ya lori imetengenezwa iwe ngumu kuliko vyuma vyote mnavyovishika nyumbani, na ugumu huo huo ndio unaoiponza. Nilishangaa sana kusikia hivyo. Maisha yangu yote nilidhani chuma kigumu ndicho kisichosumbuliwa na kitu.

Na kuoka? Joto linazitoa zile chembe zikaondoka kama zilivyoingia. Lakini Mwalimu alinionya, na neno hili nimelibeba moyoni tangu siku ile: kuoka kunafaa kabla ufa haujaanza. Ufa ukishaanza, hata ukioka mwezi mzima, chuma hakirudi.

Kwa hiyo beseni langu sasa lina maua ya mama watoto. Boliti za lori tunasafisha kwa brashi ya waya na mafuta ya taa, na iliyogusa asidi haiingii kwenye gurudumu la mtu. Basi tanuri la nini? Ni kwa ajili ya vijiti vya kuchomelea. Mnazijua mvua zetu. Vijiti vinanyonya unyevu, ukichomelea navyo fremu ya tela, unyevu ule unatoa haidrojeni ileile, na kesho yake unakuta ufa umetambaa kando ya weldi nzuri kabisa. Mwalimu akasema vikaushwe kwa moto mkali kabla ya kazi, nasi tukaanza kuvipeleka kwa Adventina. Siku mteja wa Biharamulo mjini alipokuta kijiti ndani ya mkate wa siagi, Adventina alikuja bandani na mwiko. Alisema, "Jengeni la kwenu!" Tumejenga, dada. Matofali umetuchagulia wewe, na mdomo wa tanuri umepimwa kwa mkono wako, na kikundi kizima kinakushukuru.

Mshereheshaji, nimeiona saa yako. Bado kidogo, na hiki kidogo ndicho kilichonifanya nisilale vizuri wiki hii.

Siku ile boliti ya pili ilipokatika, nilichukua pikipiki nikaenda Nyarubungo na jogoo. Nilimkuta Wiston jikoni na Priscila. Nikapiga magoti, nikamweleza asidi, haidrojeni, kopo la maziwa, yote. Nikasema, shemeji, ulikaza vizuri, mimi ndiye niliyeziharibu, nisamehe. Wiston alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akaniambia, "Shemeji, ulinifukuza mbele ya lori kumi na moja. Hapa jikoni tupo watatu na kuku." Jogoo wangu akampokea, radhi yangu akairudisha.

Alikuwa sahihi. Nilirudi nikihesabu lori hizo kumi na moja njia nzima, na nilishangaa kwamba na yeye alizihesabu.

Leo ziko ishirini na tatu, shemeji. Nimezihesabu kabla sijapanda hapa. Mheshimiwa yupo, Baba Paroko yupo, Shehe yupo, na mama wa mkaa nimemwomba asogee karibu ili safari hii asikie vizuri. Basi sikieni wote. Wiston hakuvunja boliti ya mtu yeyote. Wiston alikaza sawasawa. Gurudumu lililoingia kwenye migomba lilitolewa na beseni langu, na jina baya alilobeba miaka miwili lilitolewa na mdomo wangu, nami nilipojua, niliuficha ukweli kwenye kopo. Nilikuonea, shemeji. Nilimwonea dada yangu. Ninaona uchungu sana, na ninakuomba radhi.

Sijui kama nimewahi au ufa umeshaanza. Huo siwezi kuuona kwa macho, wewe ndiye unayeujua. Kwa hiyo sitakuuliza jibu kwa maneno.

Lori la Ndikuriyo lile pale. Limekuja tangu asubuhi, lina boliti mpya kwenye gurudumu la mbele, na nati zimeshikizwa kwa vidole tu. Nilitaka kuzikaza. Ndikuriyo akanizuia mkono, akasema, "Wewe hapana, fundi. Mimi namsubiri Wiston, hata ikiwa ni hadi kesho." Hayo si maneno yangu, ni yake, kofia ile pale inatikisika kukubali.

Spana ya kipimo hii hapa. Naishusha kutoka jukwaani, naiweka juu ya kigoda hiki, kati yangu na wewe.

Mwalimu Leonsia, ahsante kwa kuacha basi lako. Mheshimiwa, utepe wa tanuri unakusubiri, lakini nakuomba uusubiri na wewe dakika tano. Ndugu zangu nyote, mmenipa masikio yenu muda mrefu kuliko nilivyostahili, na nawashukuru.

Anakuja. Mpisheni njia, tafadhali. Priscila, mwachie shati, anakuja mwenyewe.

Wala msipige makofi sasa. Tunyamaze kwanza, tusikie spana ikilia *ka*. Ikilia, ndipo mpige.